Cheni ya Mtu Mmoja

…peke yangu, mara ngapi nikwambie, naenda peke yangu, anasema baba huko ndani, na mama anasema kama ni peke yako mbona umejifunga jambia la sherehe, tangu lini mtu akavaa jambia la sherehe kwenda Bajil kununua chumvi, baba anasema mwanamume avae nini basi, avae gunia, na mama anasema vaa gunia, baba Takiya, gunia nitalifungua nione lina nini, wewe siwezi kukufungua, na mimi hapa uani nimechuchumaa kati ya gurudumu la nyuma la pikipiki na ukuta, mtandio nimeubana mdomoni kwa ajili ya vumbi, cheni mpya iko ndani ya karai, bado inanata ile grisi ya kiwandani, najiambia usisikilize, Ghusun, ugomvi wa wakubwa waachie wakubwa, wewe shika cheni, toa klipu ya ile kuukuu kwanza, kile kibanio kinachofunga ncha zake mbili, plaizi ikae mgongoni mwa klipu na kwenye pini, bana, imeruka, iko wapi, iko juu ya kidole cha mguu wangu, haya, sasa usiivute cheni kuukuu ikatoka yote, maana ukiitoa yote utakesha ukiipitisha mpya kwenye meno ya mbele, mle ndani ya kifuniko palipojaa tope la mafuta, unaunga kichwa cha mpya kwenye mkia wa kuukuu, halafu unavuta kuukuu polepole na mpya inafuata yenyewe, inazunguka ndani gizani na kutokea upande wa pili, mara ya kwanza nilipoona nilicheka peke yangu, baba akasema unacheka nini, nikashindwa kusema, ni kwamba ilikuwa kama mtoto anayefuata nguo ya mama yake sokoni, hatazami njia, ameshika upindo tu… baba alinifundisha mwaka ule pikipiki ilipomlalia bondeni na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikakataa kukunjika, akaniita akaniambia, Ghusun, wewe sasa ndiwe vidole vyangu, na mwaka uleule nikaacha shule, sikuacha, shule ndiyo ilituacha, mwalimu wetu wa kike aliolewa akaenda Sanaa na hakuja mwingine, tukangoja, tukangoja, wasichana wa darasa la saba wote tukarudi kuchota maji, na mimi nikapata spana, sikuona kama ni msiba, wengine hawakupata kitu.

Vuta, taratibu, inapita, nasikia inavyogonga jino kwa jino, na ndani mama amepunguza sauti, na sauti ya mama ikipungua ndiyo ya kuogopa, anasema mwenzangu, niangalie, usiangalie mlango, niangalie mimi, si ulikwenda kwenye kikao cha mirungi juzi ukarudi usile, uliambiwa nini huko, baba anasema sikuambiwa kitu, tulizungumza mvua, mama anasema mvua ndiyo iliyokunyima usingizi, mvua isiyonyesha… mimi najua nani alikuwepo kwenye kikao kile, alikuwepo kaka yake Hizam, nilimwona akipita na mirungi kwapani na bunduki begani, Hizam ni mume wa dada yangu Takiya, wanakaa juu, mlima Bura, na Takiya aliteremka mlima huo kwa miguu yake mwezi uliopita, mtoto mgongoni, amejitanda mpaka machoni, tukafikiri ni ombaomba, mama akamwekea mkate mlangoni, ndipo akasema mama, ni mimi, na mama alipomvua ule mtandio tukaona nywele, hakuna nywele, Hizam alimkata msuko kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, kwa sababu uji ulikuwa na madonge, msuko ambao mimi nilikuwa nikimsuka kila Alhamisi, ulikuwa unamfika kiunoni, na mama hakulia, alichukua mafuta akampaka kichwani kama mtoto mchanga, akasema hutoki hapa mpaka aje mwenyewe, na baba, baba huyuhuyu, alisimama akasema mbele ya majirani, binti yangu yuko kwake, Hizam ashuke na wazee wake, aweke jambia lake chini mbele yangu kuomba radhi, achinje kondoo dume kwenye kizingiti changu, halafu tumuulize binti mwenyewe, akitaka atarudi, asipotaka harudi, na Takiya akasema kutoka nyuma ya pazia, sirudi hata akileta zizi zima, watu wakacheka, baba naye akacheka, siku ile nilimpenda baba kuliko siku zote.

Imetoka yote, sasa fungua kuukuu, itupe, hapana, iweke, unga mpya, pini mbili zipite, bamba juu yake, halafu klipu mpya, na hapa usiwe na haraka, upande wa klipu uliofumba utazame mbele, kule cheni inakokwenda, upande wenye mdomo wazi utazame nyuma, ukiugeuza itakaa vilevile, haitakwambia kitu, utaondoka ukiimba, mpaka kijiti kimoja au jiwe moja liugonge ule mdomo, klipu ichomoke, cheni ifunguke, ijikunje kwenye gurudumu, na kama ni mlimani… imekaa, imelia tik, vizuri, sasa sehemu ya kukaza, hii ndiyo baba hanisahihishi tena, anasimama tu na kuangalia, maana cheni haikazwi kwa kuangalia cheni, inakazwa kwa kufikiria watakaopanda, pikipiki ikiwa tupu gurudumu liko chini, watu wakikaa shokapu zinabonyea, gurudumu linapanda, na cheni inajivuta yenyewe, ukiikaza ikiwa tupu ukaona imenyooka vizuri umejidanganya, wakikaa watu wazito itavutika mpaka inalia, meno yanaliwa, au inakatika, kwa hiyo baba akienda peke yake naacha uchezaji, yaani cheni ipande na kushuka, wa upana wa kidole kimoja na nusu, akiwa na abiria mmoja viwili, na leo alfajiri aliniambia, wakati mama bado yuko kisimani, aliniambia legeza vidole vitatu, Ghusun, nitakuwa na mzigo, nikasema vitatu, mzigo gani huo, akasema mzigo tu, na mlima kidogo, halafu akasema, usijali, kwa kurudi nitaikaza mwenyewe…

kwa kurudi. Spana imesimama mkononi mwangu. Kwa kurudi ataikaza. Watu wanakwenda Bajil mikono mitupu na kurudi na mzigo, unga, chumvi, gesi, hakuna anayekwenda na mzigo akarudi mikono mitupu isipokuwa muuzaji, na sisi hatuna cha kuuza, mbuzi mmoja yuko pale ananitazama, na Bajil hakuna mlima, Bajil ni tambarare mpaka unachoka, mlima uko upande wa pili… ngoja, pengine amepata abiria wa kupeleka juu, hutokea, lakini basi kwa nini amwambie mama anakwenda peke yake, na kwa nini jambia la sherehe, jambia lile huvaliwa ukienda kukaa na wakwe, na jana jioni alimuuliza Takiya kama blanketi la mtoto limekauka, nilisikia nikaona ni wema, babu anamjali mjukuu wake, nikafurahi mimi mjinga, na asubuhi hii Takiya amemwosha mwanawe Hamudi na kumpaka mafuta, nikamuuliza kuna nini, akasema baba anatupeleka kliniki, mtoto anakohoa, usimwambie mama atataka kuja na nafasi haipo, na alikuwa amefurahi, tangu ateremke hajatoka nje, hata kliniki kwake ni sikukuu… watu watatu, baba mbele, Takiya nyuma, Hamudi katikati, hata bado hajasimama vizuri, mzigo ni wao, anawarudisha kwa Hizam, hakuna mzee, hakuna jambia chini, hakuna kondoo, baba mwenyewe atampandisha juu kwa pikipiki yake kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima, na cheni ya kumpandishia nimeifunga mimi.

Takiya anaimba huko nyuma ya pazia, wimbo wa kumlalisha mtoto lakini Hamudi hataki kulala, anapiga makofi, na baba ndani anasema mwanamke, unataka nife, hukumwona kaka yake Hizam ana bunduki, walisema watakuja kumchukua mtoto, hawatakuja kuomba, nikae nipigane na nani, na vidole hivi, na hapo mama anasema kwa hiyo… na baba anamkatiza haraka, naenda Bajil kununua chumvi, peke yangu, nimemaliza, na mimi nasikia sauti yake na si sauti ya mtu mbaya, ni ya mtu aliyebanwa, na hicho ndicho kinachoniuma, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, ningemchukia nikaendelea na kazi.

Klipu naiona hapa, inang'aa, ningeweza kuigeuza, plaizi ninayo, ni kufumba na kufumbua, asingejua, mdomo mbele mgongo nyuma… hapana, Ghusun, umeingiwa na nini, kwenye ile kona ya mlimani ambako njia inaning'inia juu ya bonde, Takiya ana mkono mmoja wa kumshika mtoto na mmoja wa kumshika baba, hapana, uondoe mkono kabisa kwenye klipu. Basi nikaze. Nikaze ya mtu mmoja, si anasema peke yake, amesema mara tatu au nne, nimemsikia kwa masikio yangu, mimi namtii, kidole kimoja na nusu, nati ya kulia robo mzunguko, ya kushoto robo mzunguko, alama zilingane pande zote mbili ili gurudumu lisiende upande, zungusha gurudumu, tafuta pale inapokaza zaidi, pima hapo, si pale inapolegea, kidogo tena kulia, kidogo kushoto, na ikikaa hivi, wakipanda watatu italia hata kabla hawajatoka uani, baba hukaa juu na kuruka mara mbili akisikiliza kabla ya kuondoka, atasikia, atajua, atashuka aseme Ghusun lete spana… na nikileta? Nitaleta, nitalegeza, sijawahi kukataa kuleta spana. Au hatashuka. Ana haraka, anaogopa, anasema italegea njiani, cheni mpya hulegea siku ya kwanza, ni kweli hulegea, lakini si kwa kiasi hicho, atapanda nayo hivyohivyo, ikilia, ikila meno, mpaka kwenye kona ile ile, kwa hiyo ni klipu tu niliyoigeuza kwa njia nyingine, njia ya polepole, na mimi nikiwa hapa nimeosha mikono nikisema nilimtii… spana hainisaidii. Nimefikiri itanisemea. Haisemi, inakaza na kulegeza tu, hiyo ndiyo kazi yake, mdomo ni wangu, na mdomo wangu tangu shule ifungwe nimeutumia kusema ndiyo baba, tayari baba, imekaa vizuri baba.

Nikisema atanipokonya spana. Hatanipiga, si mpigaji, atanyoosha tu ule mkono wenye vidole viwili vilivyokauka aseme lete, na atampa mtoto wa fundi wa barabarani, na mimi nitabaki na ndoo ya maji, sitashika tena kitu ambacho nikikishika najua kinachofuata, nitamwona kijana yule akilegeza bila kuangalia alama nami nitakuwa nyuma ya dirisha… na pengine Takiya atasema kwa nini ulinisemea, nani alikutuma, na pengine wale watakuja kweli na bunduki, sijui, sijui yatakayokuja, najua tu lililopo, na lililopo ni cheni mpya yenye uchezaji wa mtu mmoja, na mtoto anayepiga makofi. Kaza nati kubwa ya katikati, kaza, uzito wote wa mwili, hivyo, sasa mafuta, tone upande wa ndani, gurudumu likizunguka, tone, zungusha, tone, si nje, mafuta ya nje hukusanya vumbi tu, futa yanayozidi, tone moja limeanguka kwenye mguu wangu.

Pazia la mlango linasogea, ni baba, jambia limenyooka kiunoni, hanitazami, anatazama cheni, na mama yuko nyuma yake kabisa, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, hajakubali kumwacha atoke peke yake hata hatua hizo, na baba anauliza taratibu, kama anavyouliza siku zote, umeiacha nilivyokwambia, na mimi sisimami, nasema nikiwa nimechuchumaa, kwa sauti inayotoka kubwa kuliko nilivyotaka, mbuzi anageuka, nasema hapana baba, nimeifunga ya mtu mmoja, vidole vitatu ni vya watu watatu. Wimbo wa nyuma ya pazia umekatika. Mama anapangusa unga kwenye kanga yake polepole, mkono mmoja, halafu wa pili, anampita baba, anasimama kwenye kizingiti.

"Watatu," anasema, "nani na nani?"