Kilo Sitini na Nane

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo hakosei. Jibu likigoma, kosa ni la kitabu. Miaka sita ameunda ndege ya kiti kimoja kwenye banda nyuma ya nyumba, na mbawa zake nimezivika kitambaa mimi, kwa kuwa hakuna fundi cherehani mwingine aliyekubali kushona ndege kwa malipo ya "asante, mke wangu".

Ana daftari la majaribio. Kila mstari una kilichokaguliwa, matokeo, na aliyekagua. Breki: nzuri. Aliyekagua: mwenyewe. Usukani: mzuri. Mwenyewe. Kitambaa cha mbawa, nilichokishona hadi vidole vikatoboka: kizuri. Mwenyewe. Hongera zake.

Uzito wa rubani: kilo 68. Mwenyewe.

Sasa hapo ndipo penye maneno. Kilo sitini na nane alikuwa nazo siku tuliyooana. Mwaka uliofuata suruali ya harusi ikamkaba, akasimama mbele ya kioo akanywea, akashinda siku tatu anadonoa chakula. Na mimi nilikuwa bado bibi harusi mwenye huruma. Alipokwenda kazini nikaifumua, nikaipanua, nikaipiga pasi. Jioni akaivaa, akajigeuza huku na huku. "Umeona? Nimerudi!"

Alirudi kweli. Tangu hapo nimemrudisha kila mwaka, miaka kumi na minne. Mishono ilipoisha nikaanza kuongeza vipande pembeni, kitambaa kile kile, rangi ile ile. Na yeye, masikini, huwacheka walimu wenzake kwa vitambi. Daktari wa leseni ya urubani alimuuliza uzito, yeye akajibu, daktari akaandika. Utaalamu huo.

Alhamisi ndege ikapelekwa uwanjani, uwanja mdogo wa nyasi, kujaribiwa kwa kukimbizwa bila kuruka. Mkiani ina gurudumu dogo, na ikishika kasi mkia unatakiwa uinuke wenyewe. Haukuinuka.

"Kaka, mkia mzito," alisema shemeji yangu, mdogo wake, fundi wa magari aliyeifunga ile injini.

"Nyasi zina umande."

Wakarudia. Safari hii kosa lilikuwa la upepo. Mara ya tatu akasema injini ina uvivu, na shemeji akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Jioni mezani mume wangu akanifundisha, kama ilivyo desturi yake, bila kuombwa. Akaweka rula juu ya kidole. "Kiti changu kiko nyuma ya hapa inapokaa sawa. Kila kilo inayozidi kitini inavuta mkia chini. Ikizidi sana, pua inapanda, mbawa haziwezi tena kuibeba, inaanguka kama jiwe. Lakini usiogope, nimepiga hesabu ya kilo sitini na nane."

Nikarudisha tonge sahanini.

Nikajaribu kwa upole. "Ungejipima tena?"

"Ya nini? Suruali ya harusi bado inanitosha."

Nikanyamaza. Ndiyo, mimi, mwenye mdomo mtaa mzima unaujua, nikanyamaza siku nzima ya Ijumaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, ila hawasemi kwamba anayeumbuliwa anaweza kuwa wewe na anayekufa akawa mumeo.

Jumamosi asubuhi, siku ya kuruka, alitokea na suruali yenyewe ya harusi. Eti ya bahati. Mkaguzi wa ndege alikuwepo na faili lake, majirani walikuwepo na simu zao. Mume wangu akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Baba Watoto, shuka. Nenda kwenye mizani ya mizigo pale ofisini."

Akatabasamu lile tabasamu la darasani. "Mke wangu, hofu ni kawaida. Hesabu zimekaguliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Jumla iko sawa, mama," akadakia mkaguzi.

"Jumla iko sawa, ila ulichojumlisha ni uongo!"

Sikungoja. Mkasi wangu hauniachi. Nikamshika kiuno, nikaupitisha kwenye mshono wa pembeni, krrrt, nikaufunua mbele ya hadhira nzima. Mashimo ya sindano yalikuwa yamejipanga mstari nyuma ya mstari, na mwisho wake kipande cha upana wa vidole vinne.

"Huu mstari ni wa mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Huu ni wa mwaka uliopandishwa cheo. Kipande hiki ni cha mwaka huu, na upande wa pili kipo ndugu yake. Nimekuficha miaka kumi na minne kwa sababu nilikuonea huruma. Sasa naogopa! Ukianguka nitakuwa nimekuua mimi, kwa uzi na sindano."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu aliitazama ile mishono muda mrefu, akisogeza midomo. Alikuwa anaihesabu. Kisha akaenda kwenye mizani, mkono mmoja umeshika suruali.

Tisini na moja.

Mkaguzi akafunga faili. "Leo hakuna kuruka."

Wiki nzima hakunisemesha ila neno moja, "chumvi". Shemeji akaitoa betri nyuma ya kiti akaihamishia mbele, karibu na injini. Bado uzito wa mbele haukutosha, wakaja kuchukua pasi zangu mbili za chuma, zile nzito, wakazifunga kwa bolti. Nilizitoa mwenyewe. Hesabu zikapigwa upya, mkaguzi akazipitia upya, na safari hii na yeye akampima rubani kwa mizani, si kwa mdomo.

Jumamosi iliyofuata mkia uliinuka kabla hajafika nusu ya uwanja. Ndege ikaachana na nyasi. Ikazunguka mara mbili, dakika kumi na moja, na mimi nilikuwa nimemkumbatia shemeji nikilia kwa sauti bila haya. Alitua mara tatu kwa safari moja, maana zile mbili za kwanza ilidunda, lakini alitua.

Akashuka, akapita katikati ya watu wanaompigia makofi, akaja moja kwa moja kwangu na daftari. Akaandika amesimama, kwa mwandiko wake wa ubaoni:

Uzito wa rubani: kilo 91. Aliyekagua: mke wangu.

Machozi yakaanza upya. Akanifuta kwa mkono wenye grisi, akanichafua uso wote. "Kuna kingine umenificha?" akaniuliza taratibu.

Nikaitazama kola ya shati lake, ambayo kifungo chake nimekisogeza mara nne.

"Hakuna," nikamwambia. Kola haiangushi ndege.