Makatazo Manne ya Baba Mkwe

Kiharusi kilipompiga baba mkwe wangu, kilimwachia mkono wa kushoto, jicho kali na maneno manne ya Kiingereza. Lugha aliyozaliwa nayo ilikwenda yote. Nadhani hayo manne yalibaki kwa sababu aliishi nayo miaka yote ya kazi: alikuwa bawabu wa kiwanda cha nguo, na ndiyo yaliyoandikwa kwenye vibao vya lango lake. "No entry", yaani hakuna kuingia. "No parking", usiegeshe hapa. "Prohibited", ni marufuku. Na "not allowed", hairuhusiwi.

Kwa maneno hayo aliiendesha nyumba nzima. Dawa chungu ilikuwa "prohibited". Mvua iliyopenya dirishani iliambiwa "no entry". Paka akijikunja kwenye kiti chake, au wanangu wawili wakizubaa mlangoni asubuhi badala ya kushika njia ya shule, walisikia "no parking", na wote watatu wakatoka mbio. Tulicheka, naye akacheka kwa ule upande wa uso uliomtii.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Kabla ya ugonjwa wake nilikuwa nimeanza masomo ya watu wazima, wakati wa alasiri, katika chumba kilicho nyuma ya zahanati. Nilikuwa nimefika mahali pa kusoma sentensi nzima bila kuifuata kwa kidole. Kisha nikaacha ili nimuuguze. Alipopata nafuu, mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na hulala njiani zaidi kuliko nyumbani, alinipigia simu akaniambia nirudi darasani, dada yake angekuja kukaa na mzee. Lakini akamalizia kwamba nimuage baba kwanza. Katika nyumba yetu, jambo alilolikataa baba limekataliwa.

Wifi yangu akafika siku ya kwanza akiwa na maneno yake mdomoni. "Sasa wifi, mwalimu akikuchapa, utamlilia nani? Mama yako au mwanao?" Nikamjibu kwamba nitamwita yeye, maana kwa kelele hana mpinzani.

Niliweka madaftari ndani ya kikapu nikayafunika kwa kitambaa. Nikamuaga baba aliyekuwa ameketi sebuleni, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha nikaelekea mlango wa jikoni. Mlango wa mbele sikuutaka. Unatazamana na baraza la jirani, ambako kina mama husukana nywele alasiri, na nilikuwa nimekwisha kuwasikia wakiulizana kama mama wa watoto wawili atavaa sare.

"Not allowed," akasema baba.

Niligeuka. Alikuwa ameinyoosha fimbo yake kunielekea. Nikamweleza upya, polepole, kwamba naenda kusoma na nitarudi mapema, nikashika komeo la mlango. "Not allowed," akarudia, na fimbo ikagonga sakafu.

Wifi hakutania. Alisema kwa upole kwamba baba amekataa, na baba akikataa yeye hana la kuongeza. Nilijaribu tena kesho yake, yakawa yale yale. Nikakisukuma kikapu chini ya kitanda. Niliendelea kumwosha baba, kumnywesha uji na kumpangia mito, lakini moyo wangu ulikuwa umenuna, na sidhani kama hakuona. Kila alasiri ilipofika alinitazama, kisha akautazama mlango wa mbele, kama mtu anayengoja mgeni aliyechelewa.

Mwenzangu wa darasani, muuza mboga, alipita kunijulia hali. Akanisimulia kwamba siku hizo walikuwa wakisoma maneno ya kukataza. Mwalimu alisema "forbid" ni neno la mtu na mdomo wake. Mama humkataza mwana, na unamjua aliyekukataza. "Prohibited" ni neno la ukuta, halina mwenyewe wa kumbembeleza. "Ban" hupigwa kitu ambacho hadi jana kiliruhusiwa.

Nikamuuliza kuhusu "not allowed", na nadhani sauti yangu ilibadilika, kwa sababu aliutua mzigo wake kabla ya kujibu.

"Hilo mwalimu alisema, likikaa peke yake halikwambii kilichokatazwa ni nini. Tazama kibao kimetundikwa wapi."

Alipoondoka niliketi na maneno hayo. Nilipomuaga baba, alikuwa ameitikia. Hakusema neno mpaka nilipouelekea mlango. Nikamfuata wifi aliyekuwa akichambua mchele, nikamuuliza kama kule kiwandani kulikuwa na mlango wa nyuma.

"Ulikuwepo. Wa takataka, na wa wezi," akasema. "Baba alikuwa akituambia, mtu wa heshima hapitii nyuma na mzigo uliofun..."

Hakumaliza. Aliuacha mchele, tukatazamana.

Nilikivuta kikapu kutoka chini ya kitanda. Nilipofika sebuleni nilielekea kwanza jikoni, kwa makusudi. "Not allowed." Nikageuka nikaufuata mlango wa mbele, nikasimama mbele yake bila kuugusa.

Baba hakusema kitu. Aliegemea fimbo akaanza kuinuka. Wifi alitaka kumshika, nikamwashiria aache. Ilimchukua muda, kiungo kwa kiungo, hata akanifikia. Akaiegemeza fimbo ukutani, akainamia kikapu changu kama alivyokagua mizigo ya watu maisha yake yote. Akakiondoa kile kitambaa, akakitupia begani kwake, akayatoa madaftari na kunipakatisha kifuani, mbele, mahali yaonekane. Kisha kwa mkono wake mmoja akavuta komeo, akaufungua mlango mpaka mwisho.

Barazani kwa jirani mikono ilisita katikati ya nywele. Baba alijinyoosha kizingitini, akagusa paji la uso kwa vidole vyake, saluti ile ya langoni.

Nami nilikuwa nimeganda pale pale, machozi yakinizuia kuiona njia. Akanisukuma kidogo kwa kiwiko.

"No parking," akasema.