Choo cha Kwenye Tovuti

Mwalimu wetu mkuu wanafunzi walimbandika jina la Marashi, na hawakukosea. Harufu yake unaisikia kabla hujamwona. Hujipulizia asubuhi, hujipulizia tena mchana, na bado upepo ukivuma kutoka nyuma ya madarasa, marashi yake na harufu ya vyoo vya watoto hukutana pale mlangoni pa ofisi yake na kuwa kitu kimoja kinachokwama kooni. Nimefundisha hapo miaka mingi na sijakizoea.

Yeye ndiye aliyeniagiza nilitengenezee darasa la sita tovuti. Shule ya jirani wanayo, akasema, na wazazi wa siku hizi macho yao yako kwenye simu. Nikakubali kwa moyo mmoja. Nikaleta kompyuta yangu kuukuu, watoto wakagombania rangi mpaka kengele ikalia, ikashinda buluu, kisha wakagawana kurasa za kuandika. Ukurasa wa "Shule Yetu" niliwaachia wapige picha wenyewe kwa simu yangu.

Wakaniletea choo.

Sikuwatuma, lakini ndicho walichoona kinafaa kuonyeshwa. Mlango usio na komeo. Sakafu iliyolowa, na si kwa maji. Ukuta wenye michirizi ya vidole, kwa sababu hakuna karatasi wala bomba, na mtoto ajifutie wapi? Shimo limejaa hadi mdomoni, funza wanatambaa ukingoni kama punje za wali zilizopata uhai. Nilizifungua picha hizo nikiwa nakula. Niliisukuma sahani kando na sikuirudia.

Katika picha ya mwisho alikuwepo Kimya, amesimama mlangoni amebana pua. Kimya ni msichana wa dawati la mbele, jina wenzake wamempa kwa upole wake. Huja na chupa ya maji asubuhi na kurudi nayo nyumbani imejaa vilevile. Mwanzoni nilidhani hapendi maji, kumbe hanywi ili asije akabanwa akiwa shuleni. Amewahi kuanguka mstarini kwa kizunguzungu, na muuguzi akamwonya bibi yake kwamba figo za mtoto zitaharibika. Tangu hapo bibi akawa anamgombeza kila jioni kwa ukaidi, naye Kimya hamwambii sababu, anaona aibu.

Nikampelekea Marashi picha zile nikitumaini zitamchoma. Alizipitia harakaharaka, akatoa leso, akafuta kioo cha simu yangu, kisha akafuta vidole vyake.

"Mwalimu, tovuti ni sura ya shule," akasema. "Weka choo kinachoeleweka."

Akaenda mwenyewe kupiga picha choo chake, kile cha ofisini ambacho ufunguo wake hushinda mfukoni mwake na hata sisi walimu tunauomba. Vigae vyeupe, sabuni, taulo la kijani. Akasimama nyuma yangu, marashi yakinishukia kisogoni, mpaka nikaandika chini ya picha kama alivyotaka: Choo cha wanafunzi wa darasa la sita. Sikubisha. Niliandika neno kwa neno, na jioni ileile nikawatumia wazazi wote anwani ya tovuti.

Siku ya wazazi darasa lilijaa. Marashi alisimama mbele, ukurasa wetu umemulikwa ukutani nyuma yake, taulo la kijani kubwa kama shuka. Akiwa katikati ya habari za usafi, bibi yake Kimya akanyanyuka, amemshika mjukuu wake mkono.

"Samahani, baba. Mimi na hii sukari yangu siwezi kukaa muda mrefu. Nioneshwe hicho choo cha watoto."

Marashi akacheka kidogo, akasema kinafanyiwa matengenezo. Bibi akasema basi atatumia cha zamani, akatoka. Tulimwona dirishani akizunguka nyuma ya madarasa, na hakukawia. Alirudi amejiziba mdomo kwa upindo wa nguo, viatu kaviacha nje, macho yamejaa machozi ya kichefuchefu. Hakumtazama Marashi. Alimtazama mjukuu wake.

"Ndiyo maana hunywi maji, mama?"

Kimya akaitikia kwa kichwa.

Bibi akamgeukia Marashi, akamnyooshea kiganja.

"Ufunguo, baba."

Marashi akawaangalia wazazi, akaliangalia taulo lake ukutani na maneno yaliyokuwa chini yake. Kukana hakuwezi, ni yake mwenyewe. Akautoa. Bibi alinikabidhi mimi, nao ulikuwa bado na joto la mfuko na unanuka vibaya sana, unanuka marashi yake. Niliufuta kwenye sketi yangu kabla ya kumpa Kimya.

Watoto wakapanga mstari kutoka ofisini hadi uwanjani. Nilitegemea nitafurahi, badala yake nilitaka kutapika. Walisimama kwa adabu, wamekunja mikono kama wanaosubiri zawadi, kumbe wanasubiri mlango unaofungika na kipande cha sabuni. Marashi akanisogelea, akaninong'oneza niifute ile picha leo hii hii. Nikamwambia siwezi, wenyewe bado wanakitumia choo chao.

Mbele ya mstari, Kimya alifungua chupa yake, akaigeuza mdomoni, akainywa yote.