Sabuni Isiyochoma Mikono

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla, na kijiji cha Kituntu kikabaki chini ya ukungu mzito. Kutoka mlango wa nyuma Deodatha aliwasikia mbuzi wa jirani, lakini hakuwaona.

Alikuwa amechutama mbele ya beseni akifua mashuka. Maji yalikuwa ya kijivu, hayana povu, yananukia mchaichai. Aliyakamua mashuka, akanyanyua beseni na kumwaga maji kwenye shina la mgomba uliokuwa karibu na jiko, kama mama mkwe wake alivyomfundisha alipoolewa: maji ya nyumbani hayatupwi, mgomba nao una kiu.

Mume wake, Byarugaba, akatokea kwenye ukungu. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Hakusalimia. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaangalia miguu yake.

"Umetoka kwa Bibi Mukabera?" Deodatha akauliza.

"Ndiyo."

"Migomba yake ikoje?"

"Imekwisha, Mama Ainebyona. Majani yamenyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla hazijakomaa. Nimekata shina moja nione, likatoa usaha wa njano." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ni mnyauko. Bwana shamba alikuja jana, naye kasema hivyo hivyo. Yote ing'olewe."

Deodatha aliweka beseni chini taratibu. Mukabera alikuwa mjane, kibanja chake cha migomba kimepakana na chao, na hakuwa na shamba jingine. Alichokula kilitoka katika migomba ile.

"Ugonjwa umeingiaje?"

"Bwana shamba anasema kuna njia mbili. Miche yenye ugonjwa, au panga." Byarugaba alikwangua tope mguuni. "Mwenyekiti Gaudiosus amekwisha kuamua kuwa ni miche. Bibi alipokea miche kutoka kwa binti yake kule Mabira, na sisi kitongoji tulikubaliana mtu asilete miche kutoka nje. Leo mchana kuna kikao."

"Na panga?"

Mume wake akageuza uso.

Mwezi Agosti ndipo alipojiunga na ile sabuni. Kijana wa bodaboda aitwaye Fidele alikuwa anaipeleka nyumba kwa nyumba: kila mwezi analeta dumu lililojaa, anachukua lililo tupu, na wewe unalipa kwa simu. Wanawake wa kwaya walimcheka Deodatha hadi wakashika mbavu. "Sabuni ya kulipia kila mwezi kama king'amuzi! Usipolipa, nguo zinakatika?" Naye alicheka, lakini alijua kwa nini anaitaka. Sabuni ya unga na jiki ya kung'arishia nguo vilikuwa vimemla vidole hadi vikapasuka. Jioni, kwenye darasa la watu wazima pale parokiani, alikuwa akishika kalamu huku ngozi inatoa damu, na siku za Jumapili alificha mikono yake wakati wa kupeana amani.

Sabuni mpya haikuchoma. Ilitengenezwa kwa mafuta ya mimea, na kwenye dumu iliandikwa kwamba haiharibu udongo, haidhuru mtoto wala mifugo, na inaondoa uchafu na vijidudu. Deodatha aliyasoma maneno yale mwenyewe kutoka juu hadi chini, bila kumwomba mtu. Furaha ilimjaa. Siku hiyo hiyo alichukua chupa ya jiki iliyokuwa chini ya meza na kuimwaga chooni.

Byarugaba alimkuta anaisuuza chupa tupu. "Sasa panga langu nitalioshea nini?"

Maana yeye ndiye aliyeitwa kila mahali kukata majani makavu na kupunguza machipukizi. Mtu mwenye mkono mwepesi. Na kila aingiapo kibanja cha mtu, desturi ni moja: panga lipitishwe kwenye moto, au lichovywe kwenye maji ya jiki, ndipo liguse mgomba mwingine. Wakati wa mvua moto shambani ni taabu, hivyo yeye alizoea jiki.

"Oshea hii," Deodatha alimwambia, akamsogezea dumu. "Inaua vijidudu. Imeandikwa."

"Haichomi hata mkono, itaua nini?"

"Basi kuua ni lazima kuchome? Soma mwenyewe."

Byarugaba hakusoma. Alimwamini mke wake. Wiki hiyo alikwenda Bweranyange kumsaidia ndugu yake kung'oa migomba iliyougua, akarudi, akaliosha panga vizuri kwa ile sabuni hadi likang'aa, na kesho yake akaingia kwa Mukabera. Kwa mjane huanza kwanza, kwako baadaye. Ndivyo alivyolelewa.

Sasa walitazamana juu ya beseni.

"Ni panga," Deodatha alisema.

"Hatujui."

"Baba Ainebyona, tunajua."

"Inaweza kuwa miche! Ugonjwa haujiandiki jina." Alisimama. "Ukisema leo, nani ataniruhusu tena kuingia kwake na panga? Watasema Byarugaba anazunguka akipanda kifo. Mwenyekiti kaamua. Tunyamaze, tumpelekee bibi ndizi kimya kimya, Mungu anaona moyo."

"Anaona moyo. Ndiyo maana naogopa."

"Na kwetu je? Nilikata mistari miwili upande huu wa jiko, panga lile lile. Bado sijaona kitu. Bado." Aliingia ndani akaacha mlango wazi.

Deodatha alijaribu kusali pale pale, amepiga magoti kwenye majani yenye maji. Maneno hayakuja. Alizoea kumweleza Mungu kila kitu: homa ya mtoto, hesabu zilizomshinda darasani, hata kuku aliyepotea. Leo kila alipofungua kinywa alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, imeandikwa, imeandikwa. Akainuka bila amina, akafunga kanga vizuri, akakwenda kwa Mukabera.

Alimkuta bibi ameinama na jembe, anachimba shina la mgomba ulioanguka. Alikuwa amevaa sweta la marehemu mume wake. Nyuma yake mikungu ilining'inia, mingine ya njano, mingine imeoza nusu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee sana, utabeba ugonjwa kwa kandambili." Mukabera alijinyoosha, akashika kiuno. "Ningekukaribisha ebitoke, ndizi zetu za kupika, lakini si unaona. Hizi hata nguruwe hawazitaki."

"Pole sana, bibi."

"Pole ni ya kwangu mwenyewe. Nimejiletea." Akaonyesha kwa kidevu miche mitatu kando ya uzio. "Adela ndiye aliyenipa, nilipokwenda kumtazama mjukuu. Nilibeba kwenye bodaboda nimeikumbatia kama mtoto. Jana nimempigia simu nikamtukana. Nimemwambia, umenitumia kifo ili unirithi upesi. Binti yangu wa pekee! Akalia, akakata simu. Leo napiga, hapokei."

Deodatha aliitazama ile miche. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi, yamesimama wima. Katika kibanja kizima, ndiyo peke yake iliyokuwa hai.

Alitaka kusema pale pale. Lakini akachukua jembe mkononi mwa bibi, akachimba yeye, hadi filimbi ya mwenyekiti ikasikika kutoka barabarani.

Kikao kilikuwa uani kwa Gaudiosus, kwenye kibanda cha mabati anapohifadhia kahawa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Byarugaba alikuwa nyuma kabisa, kofia imemfunika macho.

Gaudiosus hakuzunguka. "Tulikubaliana miche isitoke nje. Bibi Mukabera ameleta kutoka Mabira. Migomba yake itang'olewa yote, na kuanzia leo asipewe mche na mtu yeyote wa hapa mpaka tujiridhishe. Tukimhurumia yeye, tutakufa njaa sote."

"Watu wa kuja na miche ya kuja," mwanamume mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia. Wengine wakacheka kwa pua.

Mukabera alikuwa amekaa mkekani miguu imenyooshwa. "Wa kuja kutoka wapi?" aliuliza. "Mimi nimezaliwa Kituntu hii. Mama yako ndiye aliyekuja, alipoolewa."

Kicheko kikabadilika upande. Kisha bibi akainamisha kichwa. "Lakini miche nimeileta. Sikatai."

Deodatha akasimama. Akashika nguzo ya kibanda.

"Si miche," alisema.

"Mama Ainebyona, subiri zamu—"

"Si miche, mwenyekiti. Nendeni mkaione, mizima yote. Ni panga letu. Mimi nilimwaga jiki nikamwambia mume wangu alioshe panga kwa sabuni yangu ya kufulia. Lilitoka kwenye migomba iliyougua Bweranyange, likaingia kwa bibi. Sabuni ile haina kosa, inafua nguo. Mimi ndiye niliyeipa kazi ya moto."

Halafu mwanamke mmoja wa kwaya akapiga makofi. "Jamani! King'amuzi kimeua shamba!"

Safari hii walicheka kwa nguvu, na Deodatha akaacha wacheke. Lakini mwingine aliinuka hacheki. "Na kwangu je? Byarugaba alikata kwangu Septemba!" "Na kwangu!" Sauti zikapanda, watu wakasimama, mmoja akatoka mbio kwenda kuangalia migomba yake.

Byarugaba alivua kofia. Alipita katikati ya mabenchi hadi mbele, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezeeka tangu asubuhi. Hakumtazama mke wake.

"Panga lilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Nilikuwa na shaka na ile sabuni, nikanyamaza. Tangu leo asubuhi nimejua, nikataka ninyamaze tena. Anayetaka kunifungia mlango, afunge."

Gaudiosus alikuna kidevu, akaonekana hajui aanzie wapi.

Mukabera ndiye aliyezungumza, na alizungumza na Deodatha tu. "Ulikuwa kwangu asubuhi hii. Umechimba na jembe langu. Hukusema."

"Nilishindwa, bibi. Nisamehe."

"Kusamehe nitaomba kwa Mungu, leo sina." Sauti ya bibi ilikuwa kavu. "Mimi nataka kujua nitakula nini. Na nataka kujua nani atamwambia Adela. Niliyomwambia mimi, siwezi kuyameza kwa simu."

"Tuzungumze nyumbani, bibi—"

"Hapana. Nyumbani kuna kuta. Sema hapa, simama katikati, sema kwa sauti, hawa wasikie. Ukiniacha, wao watakuuliza."

Deodatha aliiacha nguzo. Akasogea hadi katikati ya kibanda, akamtazama mume wake. Byarugaba alikuwa na kofia mikononi, akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Mimi Deodatha, mke wa Byarugaba," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia, "naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Kesho baada ya ibada nitakwenda Mabira kwa miguu yangu, nimwambie Adela kwamba mama yake alidanganyika kwa sababu yangu. Migomba ya bibi tutaing'oa sisi, mimi na mume wangu. Na mpaka mipya itakapozaa, bibi atakula katika kibanja chetu kabla sisi hatujala. Kikiugua nacho, tutalima vibarua, na bado atatangulia yeye kula."