Bi Tausi Juu ya Dari ya Folda

Jana usiku niliota niko ndani ya kompyuta ya zahanati yetu, saa nne asubuhi, jua linawaka. Kazi yangu ni moja: kuweka sera mpya ya kusimba mafaili, yaani kuyageuza herufi za siri, ili magonjwa ya watu yasisomwe na kila mwenye macho. Kazi hiyo naijua. Niachieni mimi.

Folda ya wagonjwa ni nyumba ya vyumba vingi. Sera mpya anabisha hodi, mama mnene, ufunguo umening'inia shingoni.

"Siingii kwenye folda yenye mtu," anasema. "Watoke wote, nikae, ndipo warudi."

"Wametoka, mama. Wote wako uani wanakunywa uji."

"Muongo. Na huyo juu ya dari?"

Lo! Nainua macho. Ni Bi Tausi Mkwawira, muuza vitumbua, amejikunyata, ana nukta kwenye paji la uso. Sisi mafundi tukitaka faili lisionekane, tunaanza jina lake kwa nukta. Wiki iliyopita, nikijaribu programu, nilichukua faili lake la kweli badala ya kutunga la uongo, nikalificha, nikalisahau. Uvivu tu, sina jina jingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeniacha uchi huku, mjukuu wangu. Mtaa ukinisoma, nani atakula vitumbua vyangu?"

Niliona haya, jamani.

"Mfute, yaishe," unasema ufunguo.

"Nikimfuta, manesi watajuaje dawa zake? Bibi, panda mgongoni."

Nashuka naye ngazi. Katikati ngazi inakuwa barabara ya lami, kisha ukumbi wa harusi. Namwomba bwana harusi njia, ananipisha, tunatokea uani.

Sera anaingia, anakaa, nyumba inatikisika. Bi Tausi anarudi wa kwanza. Akivuka kizingiti anageuka herufi nisizozijua.

"Haya, nisome."

Nasoma kulia, nasoma kushoto, siambulii kitu. Nami ndiye fundi!

"Sasa nimevaa," anasema, anaingia zake chumbani.

Nikaamka. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Nakijwa, nesi wetu: "Bi Tausi kaja kuchukua dawa. Anakushukuru sana. Ila anasema siku nyingine ukimbeba, ngazi ushuke polepole, kiuno kinamuuma."