Vinalevya Kidogo

Jirani yetu Mama Agnela anadai alinikuta sokoni Maji ya Chai nimelalia nyanya zangu, mate yananitoka. "Vile vidonge anavyosema kapewa kliniki vya kifafa ni dawa za kulevya," akamwambia mama.

Mama akaniuliza, "Vinalevya, havilevyi?"

Nikasema ukweli. "Vinalevya kidogo, mama. Nesi wa kliniki alisema nitazoea."

Akavichukua vidonge vyote, akanifungia chumbani mpaka ulevi unitoke kichwani. Leo ni siku ya tatu. Mkono wa kushoto umeanza kurukaruka, kama siku ile kifafa kiliponiangusha motoni jikoni. Namsikia mama nje ya mlango, anachambua maharage.

"Mama, nipe kimoja tu. Mkono umeanza."

Maharage yanaendelea kudondoka kwenye sufuria.