Mate ya Kxaru

"Mwambie mama yako," Baqu alimwambia mumewe, "mwanangu hatakaa nusu mchangani, nusu kwenye jokofu la watu mjini."

"Mwambie mkeo," mama mkwe akajibu bila kugeuza kichwa, "hayo nimeyasikia tangu jana. Mate yabaki huko huko."

Hatua tatu tu ziliwatenganisha. Dabe aliketi katikati yao na kiko kisicho na tumbaku, na wala hakuwa na haja ya kumfikishia mtu ujumbe. Lakini mke hamkaripii mama wa mumewe uso kwa uso, awe amekasirika vipi. Kwa hiyo maneno yalipita juu ya kichwa chake, yakienda na kurudi.

"Mmenifanya mlingoti wa simu," Dabe alisema. "Bado kunizungushia uzio tu."

Hakuna aliyecheka.

Miaka miwili nyuma mtafiti mmoja kutoka Windhoek, jina lake Ndapewa, alikuja kijijini na kreti ya vichupa. Kila aliyekubali alitema mate mpaka kwenye mstari, kichupa kikafungwa, kikaandikwa namba na jina. Alisema ndani ya mate mna njia ya kurudi nyuma, kwa mama, kwa mama wa mama, mpaka kwa watu ambao hakuna anayewakumbuka. Aliyezifurahia habari hizo kuliko wote alikuwa Kxaru, binti wa Baqu, miaka kumi na saba, aliyerudishwa nyumbani kutoka shule ya Tsumkwe kwa sababu ya kikohozi. Miezi mitano baadaye kifua kikuu kilimmaliza.

Sasa Ndapewa alikuwa anarudi na majibu, kama alivyoahidi, na alikuwa ametuma swali mbele yake. Mate ya marehemu yafanyweje? Yaendelee kutumika, yateketezwe, au yarudishwe? Mwenye kuamua ni mama mzazi.

Baqu alikuwa ameamua siku ile ile. Yarudishwe, ayazike. Blanketi la binti lilikwenda naye kaburini, nguo zilichomwa, na picha iliyokuwepo ni ya darasa zima, uso mdogo kama punje. Kilichobaki cha mtoto wake duniani kilikuwa kwenye kile kichupa. Asichoelewa ni kwa nini mama mkwe, aliyemlilia yule mtoto mpaka sauti ikamkauka, alikuwa anang'ang'ania kisirudi.

Gari la Ndapewa lilifika jua likiwa bado halijachoma. Aliketi chini na watu, akatoa sukari na majani ya chai, akafungua karatasi zake. Kaqece, binamu yake Dabe, alikuwa mkalimani.

"Nasaba yenu ni miongoni mwa matawi ya kale kuliko yote yaliyowahi kupimwa," Ndapewa alisema. "Maelfu ya vizazi yamepita tangu wengine watengane nanyi. Mimi pia nimo kwenye hao wengine."

Kaqece alitafsiri, akaongeza lake. "Kumbe sisi ndio kaka mkubwa. Mbona wadogo zetu hawa hawatuamkii?"

"Na ng'ombe zao wanazileta kula majani ya kaka bila hodi," mtu mmoja akadakia, na watu wakacheka, Ndapewa naye akacheka kidogo.

Kisha akashusha sauti. "Kuna jambo moja limetutatiza. Namba arobaini na moja. Kxaru, binti wa Dabe. Tumerudia kupima mara tatu. Majibu yanasema Kxaru ndiye aliyemzaa Dabe."

Kaqece akatafsiri. Hakuna aliyeshtuka.

"Ndiyo," Dabe alisema. "Ni mama yangu."

"Nazungumzia binti yako."

"Binti yangu, mama yangu. Nilimpa jina la mama. Alikuwa akinituma maji nami naenda, nikichelewa ananigombeza."

"Mashine yenu ina adabu," Kaqece alimwambia Ndapewa. "Imejua kuita watu."

Wakacheka tena. Kwao mwenye jina la mama yako ni mama yako, na jambo hilo halihitaji kupimwa. Baqu hakucheka. Mwaka mzima alikuwa amebeba vikombe vya makohozi ya wagonjwa kutoka kijijini kwenda kliniki ya Tsumkwe, na muuguzi alikuwa amemfundisha jambo moja tu: usichanganye, kikombe hakijui jina, kinajua kifua.

Aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze alimtazama mama mkwe machoni.

"Mama. Nani alitema?"

Bibi Kxaru alichora mchanga kwa kidole, akaufuta.

"Mimi."

Dabe alikiweka kiko chini.

"Kinywa chake kilikuwa kikavu," bibi alisema. "Alijaribu nyuma ya kibanda. Povu tu, na damu. Akaona haya kumrudishia mgeni kichupa namna ile. Akaniambia, nitemee, Kxaru, wewe ni mimi. Nikatema mpaka kwenye mstari. Mgeni aliponifikia na changu nikakataa. Nilikuwa nimeshatoa."

"Ukanyamaza muda wote huu," Baqu alisema.

"Ulikuwa na kitu cha kungojea. Ningekunyang'anya vipi?"

Kaqece alimtafsiria Ndapewa polepole, safari hii bila kuongeza neno. Ndapewa alifunika mdomo kwa kiganja.

"Basi hatuna chochote chake," alisema.

Baqu alilielewa hilo kabla ya kutafsiriwa. Alitazama mikono yake mapajani na kuona haina kazi.

"Acheni hivyo hivyo," bibi alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Baqu, mwanangu. Yeye mwenyewe alitaka. Jina litakaa kule na wale wa kale, na jina ni lake. Ukilifuta atakufa mara ya pili."

"Na wewe je?"

"Mimi mzee."

"Wewe umo kwenye kichupa, mama, na karatasi inasema hukutema. Siku ukiondoka watasema bibi Kxaru hakuwahi kutoa mate. Mwanangu hayumo, na wewe hutahesabiwa. Tutakuwa tumepoteza wawili kwa kichupa kimoja. Mtoto wangu nilimfukia kwa mikono hii. Najua alipo."

Alinyoosha mkono kwa Ndapewa. "Nipe kalamu."

Alikuwa anaandika kwa shida, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo. Kwenye mstari wa arobaini na moja alikata maneno *binti wa Dabe*, na juu yake akaandika *mama wa Dabe*. Akamsogezea bibi karatasi, akamshika kidole gumba, akakipaka wino na kukikandamiza mwenyewe.

"Na binti?" Ndapewa aliuliza. "Alikuwa kwenye orodha ya waliokubali. Niandike nini?"

"Andika hakutoa."

Ndapewa akaandika. Baqu aliinama akahakikisha limeandikwa, akangoja wino ukauke, kisha akaikunja karatasi na kumrudishia.